Mgombea Asiyeota Sahanini

Siku ya kwanza nilipopewa kazi ya kuhesabu bakteria wa udongo, niliwahesabu kwa njia mbili, na majibu mawili niliyoyapata hayakukaribiana hata kidogo. Kwanza nilitumia hadubini: nilichukua udongo kidogo uliokorogwa na kuzimuliwa kwa maji safi, nikatia rangi inayoshika DNA na kung'aa, nikazima taa ya chumba, na vidoa vya buluu vikajitokeza vingi kiasi kwamba nililazimika kuhesabu mraba mmoja mdogo na kukadiria vilivyobaki. Kisha nikadondosha maji yale yale kwenye sahani za agari, yaani jeli ya kuoteshea bakteria, nikaziweka kwenye joto la nyuzi 28, na baada ya siku tano nikapata makoloni 31, yaani mafungu ya bakteria yanayoonekana kwa macho. Nilipozidisha kwa kiasi nilichokuwa nimezimua, idadi ya sahani ilikuwa ndogo kuliko ile ya hadubini kwa zaidi ya mara mia moja. Nilidhani nimekosea. Msimamizi wangu alitazama daftari, akaniambia nirudie nikipenda, lakini pengo lile litabaki pale pale.

Pengo hilo limekuwa na jina tangu mwaka 1985, James Staley na Allan Konopka walipoliita hitilafu kuu ya hesabu ya sahani. Kutokana nalo ulizuka usemi unaorudiwa katika makala nyingi, kwamba asilimia 99 ya bakteria hawaoteki maabara. Usemi huo siupendi, na sababu yangu ya kwanza ni ya lugha. Kiswahili kinatofautisha vizuri kati ya asiyeoteka na ambaye hajaoteshwa: la kwanza ni hukumu juu ya bakteria, la pili ni taarifa juu yetu sisi tulioshika sahani. Sababu ya pili ni ya hesabu. Kati ya vidoa vile vya buluu wamo waliokufa, wamo waliolala, na wamo wengi wa spishi zinazojulikana vyema ambao siku ile hawakupata walichokitaka, kwa hiyo asilimia ya seli zilizoota kwenye sahani moja si asilimia ya spishi zinazoweza kuoteshwa. Hata hivyo, baada ya kuondoa makosa yote hayo, linabaki kundi kubwa la bakteria tunaowajua kwa DNA yao pekee. Kundi hilo ndilo nataka kulizungumzia, hasa wale wanaohusishwa na magonjwa ya mimea, kwa kuwa huko ndiko suala la kuotesha au kutootesha linapobana zaidi.

Sahani imekuwa hakimu wa elimu ya vijidudu kwa muda mrefu. Fanny Hesse ndiye aliyependekeza agari mwaka 1881 baada ya gelatini kuyeyuka kila joto lilipopanda, na Julius Petri akaeleza sahani yenye kifuniko mwaka 1887. Katika maabara hiyo hiyo ya Robert Koch ndimo ulimotoka utaratibu wa kumtia kijidudu hatiani: umkute kwa mgonjwa, umtenge na kumwotesha akiwa peke yake, umpe mwenyeji mzima, naye augue ugonjwa ule ule, kisha umtenge tena. Utaratibu huo umesaidia kuliko mwingine wowote. Lakini ukiutazama kwa makini utaona kwamba umewaachia huru wote wasiokubali kukaa peke yao.

Kwa watu wa namna hiyo, mwaka 1994 R. G. E. Murray na Karl-Heinz Schleifer walipendekeza hadhi ya muda, Candidatus. Neno hilo ni la Kilatini, maana yake aliyevaa nyeupe, kwa sababu Warumi waliogombea vyeo walivaa joho lililopaushwa. Bakteria anayejulikana kwa mfuatano wa DNA yake, kwa umbo lake katika hadubini na kwa mahali anapoishi, lakini hajawahi kuoteshwa akiwa safi, anaandikwa kama mgombea. Wapo wagombea ambao wamevaa joho hilo kwa zaidi ya miaka thelathini bila kura kupigwa.

Mgombea anayenishughulisha kuliko wote ni Candidatus Liberibacter asiaticus, anayehusishwa na ugonjwa wa michungwa uitwao huanglongbing, jina la Kichina lenye maana ya ugonjwa wa machipukizi ya manjano. Ukitaka kuutambua, usitazame umanjano tu, kwa kuwa mti wenye njaa ya zinki au magnesi nao hugeuka manjano. Kunja jani katikati, juu ya mshipa mkuu. Jani lenye upungufu wa madini huwa na manjano yanayolingana pande zote mbili, kama nakshi iliyochorwa kwa kukunja karatasi, ilhali jani lenye huanglongbing lina mabaka yasiyolingana, huku yakiwa makubwa, kule madogo. Tunda lake hubaki dogo na kupinda upande mmoja, mbegu zake husinyaa, na hukawia kugeuka rangi upande wa chini. Juisi yake ni chungu. Mti wenyewe unaweza kukaa miezi mingi au hata miaka ukiwa na bakteria kabla ya dalili hizi kuonekana, na muda wote huo wadudu wanaofyonza utomvu wanaendelea kuwabeba kwenda kwenye miti mingine.

Historia ya kumtafuta mhusika ni ya kukatisha tamaa. Lin Kongxiang wa China alionyesha mwaka 1956 kwamba ugonjwa unahama kwa kubebesha vikonyo, yaani haukuwa upungufu wa madini wala maji kutuama. Basi wengi wakasema ni virusi, maana kitu kinachohama kwa kubebesha na hakionekani kwa hadubini ya kawaida kiliitwa virusi. Mwaka 1970, huko Ufaransa, hadubini ya elektroni ikaonyesha vijidudu ndani ya floemu, mirija inayosafirisha sukari ya mmea. Mwanzoni walidhaniwa ni viumbe wasio na ukuta wa seli. Baadaye ukuta ukaonekana, mwembamba, na ikabainika kwamba ni bakteria. Mwaka 1994 Sandrine Jagoueix, Joseph Bové na Monique Garnier walisoma jeni yake ya 16S, ile inayotumika kutambua ukoo wa bakteria, na kumpa jina linalotokana na liber, gome la ndani. Mwaka 2009 jenomu nzima, yaani DNA yake yote, ikasomwa kutokana na DNA ya mdudu mmoja tu aliyebeba bakteria hao. Nikumbushe kwamba mpaka hapo hakuna aliyekuwa na chupa ya bakteria huyu akiwa peke yake anayestawi na kurithishwa kutoka sahani hadi sahani. Kuna kundi lililoripoti mwaka huo huo kwamba limemwotesha, lakini njia hiyo haikugeuka kuwa kazi ya kila siku katika maabara nyingine.

Jenomu yenyewe ilieleza kwa nini. Ina herufi takriban milioni 1.23, wakati bakteria wa kawaida wa maabara, Escherichia coli, ana milioni 4.6. Aliyezaliwa ndani ya mrija wa sukari au ndani ya mwili wa mdudu, na ambaye haishi popote pengine, hana haja ya kubeba zana za kutengeneza kila kitu; amezitupa njiani kizazi baada ya kizazi. Njia kadhaa za kuunda asidi za amino hazimo. Badala yake kuna protini za kuingiza vitu kutoka nje, ikiwemo pampu ya kuchukua ATP, nishati iliyokwisha kutengenezwa na mwenyeji, tabia inayojulikana zaidi kwa klamidia na riketsia, bakteria wanaoishi ndani ya seli za viumbe wengine. Kumpa bakteria huyu sahani yenye sukari na chumvi ni sawa na kumkaribisha chakula mtu asiye na meno.

Jambo lililonishangaza zaidi katika utafiti wa miaka ya karibuni ni kwamba bakteria huyu hana silaha nyingi. Hatoi sumu kali, hana mfumo wa sindano ambao bakteria wengi wa mimea huutumia kupenyeza protini ndani ya seli. Basi mti unakufa kwa nini? Mwaka 2022 kundi la Nian Wang huko Florida lilichapisha hoja kwamba uharibifu mkubwa hufanywa na kinga ya mti wenyewe. Mti unapomhisi bakteria ndani ya floemu, hutoa kemikali kali za oksijeni na kuziba mirija yake, na kwa kuwa bakteria haondoki, jibu hilo halikomi. Seli za floemu zinakufa, sukari haishuki tena mizizini, na mti unadhoofika kwa njaa huku majani yake yamejaa wanga. Walipotumia vitu vinavyopunguza kemikali hizo, pamoja na homoni ya jibereli, dalili zilipungua. Mimi naona hoja hii inaeleza mambo mengi kwa pamoja, ikiwemo jinsi dalili zinavyotofautiana kati ya mti na mti wenye bakteria wale wale. Hata hivyo, jaribio ambalo lingeimaliza, la kumbadilisha bakteria jeni moja moja na kumrudisha mtini, halifanyiki kwa kiumbe usiyeweza kumwotesha.

Gharama ya kungoja ni kubwa. Florida ilivuna takriban masanduku milioni 242 ya machungwa katika msimu wa 2003 na 2004. Ugonjwa ukagunduliwa huko mwaka 2005. Na katika msimu wa 2023 na 2024 mavuno yalikuwa takriban masanduku milioni 18. Vimbunga na uuzaji wa mashamba vimechangia, na si haki kumtwika bakteria mzigo wote, lakini yeye ndiye aliyeanza. Mwishoni mwa mwaka 2022 wakulima wa huko waliruhusiwa kutoboa shina na kuingiza oksitetrasaiklini moja kwa moja. Dawa hiyo hupunguza bakteria, haiwamalizi. Nina mashaka na njia inayodai kurudia antibiotiki mti kwa mti, msimu kwa msimu, dhidi ya bakteria ambaye usugu wake hatuwezi kuupima kwa njia ya kawaida ya kuweka kidonge kwenye sahani na kutazama duara linaloachwa wazi.

Kuna njia mbili za kuzunguka ukuta huo ambazo naziheshimu. Ya kwanza ni jamaa anayeoteka. Liberibacter crescens alipatikana kwenye mpapai wa milimani huko Puerto Rico, hajulikani kusababisha ugonjwa wowote, na anaota kwenye chakula kinachochanganywa na maji ya kuoteshea seli za wadudu pamoja na seramu ya ndama. Jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2012, ina herufi takriban milioni 1.5, na sehemu kubwa ya tofauti kati yake na ndugu yake ni orodha ya zana alizobakiza. Watafiti humtumia kama mwili wa kuazima: jeni ya mgombea huwekwa ndani ya crescens na kutazamwa inafanya nini. Njia ya pili ilitoka Texas mwaka 2020, kwa kundi la Kranthi Mandadi. Badala ya kumtoa bakteria kwenye mmea, walichukua tishu zenye ugonjwa na kuzifanya zitoe mizizi ya vinyweleo, kwa msaada wa bakteria mwingine wa udongo mwenye kipaji hicho. Mizizi hiyo huota haraka ndani ya vyombo vidogo ikiwa imembeba mgombea ndani yake, na dawa nyingi zikapimwa kwa majuma badala ya kungoja miti kwa miaka. Hapo maana ya kuotesha ilipanuka kimya kimya: bakteria hakuoteshwa akiwa safi, bali alioteshwa pamoja na kipande cha nyumba yake.

Fitoplazima, bakteria wengine wa floemu, ni hadithi ya karibu na hiyo, na pengine imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 Yoji Doi na wenzake nchini Japani walitazama miforosadi iliyodumaa na mimea mingine iliyotoa machipukizi kama fagio, magonjwa ambayo yote yalihesabiwa kuwa ya virusi, wakaona ndani ya floemu viumbe wasio na ukuta wa seli. Mwaka huo huo wenzao walionyesha kwamba tetrasaiklini inapunguza dalili, jambo ambalo haliwezekani kwa virusi. Leo fitoplazima wanahusishwa na mamia ya magonjwa, kuanzia manjano ya minazi yanayoua mashamba mazima hadi kudumaa kwa majani ya malisho, na wote wanaandikwa Candidatus Phytoplasma. Mmoja wao, aliyesomwa jenomu mwaka 2004, ana herufi takriban 860,000 tu, na hana jeni za kimeng'enya kinachotengeneza ATP kwa wingi katika karibu kila kiumbe kingine. Yeye hata mtambo wa nishati ameutupa.

Ufupi huo wa jenomu unadanganya, kwa kuwa kilichobaki ndani yake kimenolewa. Kundi la Saskia Hogenhout katika Kituo cha John Innes, Uingereza, lilichapisha mwaka 2021 kazi kuhusu protini iitwayo SAP05, na nilipoisoma nilirudi ukurasa wa kwanza nikaianza upya. Kwa kawaida seli huondoa protini isiyotakiwa kwa kuibandika alama, iitwayo ubikwitini, na mtambo uitwao proteasomu huisoma alama hiyo na kuivunjavunja protini. SAP05 haihangaiki na alama. Mkono wake mmoja hushika protini za mmea zinazoamuru lini uzeeke na utoe maua. Mkono wa pili hushika kipande cha proteasomu kiitwacho Rpn10. Na bidhaa inaingia kinuni bila hati. Mmea uliopoteza protini hizo hauzeeki kwa wakati wake, unaendelea kutoa vichipukizi na majani, na ndilo fagio analoliona mkulima. Mdudu anayembeba fitoplazima naye ana Rpn10, lakini inatofautiana kidogo na haishikiki. Watafiti walipobadilisha asidi mbili tu za amino katika Rpn10 ya mmea mdogo wa maabara ili ifanane na ya mdudu, hila ya SAP05 ikashindwa.

Ndugu yake, SAP54, hugeuza maua kuwa majani, na mmea uliogeuzwa hivyo huwavutia zaidi wadudu wanaohamisha ugonjwa. Hapa napenda kuchepuka kidogo. Maua ya poinsettia yanayouzwa kwenye vyungu, yenye matawi mengi mafupi na majani mekundu juu, yana umbo hilo kwa sababu yana fitoplazima ndani yake. Jambo hilo liliripotiwa mwaka 1997. Wafanyabiashara wa maua walikuwa wakihamisha ugonjwa kwa kubebesha, kwa makusudi, bila kujua kwamba ni ugonjwa, kwa kuwa mti uliopona ulirefuka na kuwa na matawi machache. Neno dalili lina mmiliki wake.

Ninachotaka kusisitiza katika kazi ya SAP05 ni namna ushahidi ulivyopatikana. Hakuna sahani iliyotumika kumwotesha fitoplazima. Jeni ilitambuliwa katika jenomu, ikapandikizwa ndani ya mmea usio na ugonjwa wowote, na mmea ukaonyesha sehemu ya dalili. Kisha kipande cha mmea kikabadilishwa, dalili ikatoweka. Stanley Falkow alipendekeza mwaka 1988 kwamba masharti ya Koch yaandikwe upya kwa lugha ya jeni, ingawa yeye alitaka pia jeni izimwe ndani ya kimelea mwenyewe, jambo lisilowezekana hapa. Kwa maoni yangu ushahidi huu umekamilika upande wa mmea na una pengo upande wa bakteria, na mtu akisema masharti yametimizwa ninamwomba aseme ni yapi.

Wapo wanaotazama haya yote na kuona kwamba ni tatizo la vimelea, watu wa kutegemea wengine kwa tabia. Mazingira yanaonyesha vingine. Bakteria wa bahari aitwaye SAR11 alijulikana mwaka 1990 kwa mfuatano wa jeni uliotoka katika maji ya Bahari ya Sargasso, ikabainika baadaye kwamba kundi lake ni miongoni mwa viumbe walio wengi kuliko wote baharini, na bado hakuna aliyeweza kumwotesha mpaka Michael Rappé, Stephen Giovannoni na wenzao walipofaulu mwaka 2002. Siri yao ilikuwa uchache. Walizimua maji ya bahari mpaka kila kishimo kipate seli chache mno, na chakula kilikuwa maji ya bahari yenyewe yaliyochujwa na kutiwa virutubisho vidogo sana. Baadaye ikafahamika kwamba hawezi kutumia salfa ya kawaida iliyojaa baharini, anataka iliyokwisha kubadilishwa na wengine, na kwamba anahitaji glisini au kitu cha jinsi hiyo. Ni kiumbe huru anayeogelea, hana mwenyeji, lakini anakula makombo ya jirani. Sahani nono ya maabara ilikuwa inamuua kwa ukarimu.

Sahani pia huua kwa sumu, na hili linanihusu binafsi. Mwaka 2014 watafiti wa Japani walionyesha kwamba agari na fosfati vikichemshwa pamoja ndani ya mtungi wa mvuke, hutokea haidrojeni peroksidi, ile ile inayotumika kusafishia vidonda, na idadi ya makoloni hushuka. Vikichemshwa kila kimoja peke yake na kuchanganywa baada ya kupoa, makoloni huongezeka na wanatokea bakteria ambao hawakuwahi kuonekana. Kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vya maelekezo vimetuambia tuvichemshe pamoja, na nami nilifanya hivyo kwa sahani zangu za makoloni 31.

Mifano ya ujirani ni mingi na sitaipitia yote. Kundi lililoitwa TM7 lilijulikana kwanza mwaka 1996 kwa mfuatano kutoka udongo wa mboji wa kinamasi cha Ujerumani. Mwakilishi wake wa kwanza kuoteshwa vizuri, mwaka 2015, alitoka kinywani mwa mtu, na ilibidi aoteshwe akiwa ameng'ang'ania mgongo wa bakteria mwingine, kwa kuwa yeye ni kupe wa bakteria. Huko Japani, Hiroyuki Imachi na wenzake walitumia miaka 12 kumwotesha arkea wa tope la kina cha bahari, jamaa wa karibu wa mstari uliozaa seli zenye kiini. Si bakteria, lakini somo ni lile lile, kwa kuwa anahitaji siku 14 hadi 25 kugawanyika mara moja na haishi bila mwenzake anayekula haidrojeni anayoitoa. Na kuna Candidatus Thiomargarita magnifica wa mikoko ya Guadeloupe, aliyeelezwa mwaka 2022, ambaye seli yake moja hufikia urefu wa sentimita moja au zaidi. Unaweza kumshika kwa kibano na kumwona kwa macho, na bado ni mgombea.

Kwa upande wa pili, wagombea wengine wameajiriwa kabla ya kuapishwa. Engelbert Broda alitabiri kwa hesabu mwaka 1977 kwamba lazima wawepo bakteria wanaoweza kuunganisha amonia na nitriti bila oksijeni na kutoa gesi ya naitrojeni. Walipatikana katika mtambo wa maji taka huko Uholanzi miaka ya 1990, wakatambuliwa mwaka 1999, na mtambo mkubwa wa kwanza unaowatumia ukawashwa Rotterdam mwaka 2002. Wote wanaandikwa Candidatus. Wanasafisha maji mchana na usiku katika matangi makubwa, ndani ya umati wao, na hakuna mhandisi aliyeuliza kwanza kama wanakubali kukaa peke yao sahanini.

Mwaka 2022 ulizinduliwa utaratibu mpya wa majina uitwao SeqCode, unaoruhusu jenomu yenye ubora wa kutosha kuwa msingi wa jina halali, bila kuweka bakteria hai katika hifadhi mbili za nchi mbili kama utaratibu wa zamani unavyotaka. Wapinzani wanasema jina lisilo na kiumbe wa kurejea ni hatari. Nawaelewa: jenomu inayounganishwa kutoka kwenye mchanganyiko inaweza kubeba vipande vya jirani, na hakuna sahani ya kwenda kuhakiki. Lakini kwa magonjwa ya mimea, maafisa wa karantini wanahitaji jina leo, kipimo cha DNA kinatumika leo, na mti unaokufa haungoji kamati. Ningepiga kura ya ndiyo, kwa sharti kwamba jina lisitafsiriwe kuwa hukumu: kumpa mtu kitambulisho si kumtia hatiani.

Majuma machache baada ya kusoma habari ya peroksidi, nilirudia hesabu yangu ya zamani kwa udongo mwingine. Nilichemsha agari peke yake na fosfati peke yake, nikapunguza chakula mara mia, nikafunga sahani kwa utepe zisikauke, nikaziacha gizani kwa wiki tisa. Safari hii yalikuwa makoloni zaidi ya mia mbili, mengi yakiwa madogo kuliko ncha ya sindano, mengine yakionekana tu nilipoinamisha sahani kuelekea dirishani. Moja lilinivutia, la rangi ya maziwa, lililokuwa limeota kwenye ukingo wa koloni kubwa la rangi ya chungwa na si mahali pengine popote. Nililichota kwa uangalifu na kulihamishia kwenye sahani safi mara nne, na mara nne halikuota. Mara ya tano nilichovya sindano kwenye koloni la chungwa kwanza, nikachora mstari mmoja katikati ya sahani, kisha nikagusa lile la maziwa pembeni yake. Baada ya siku kumi na tisa lilikuwa limeota, kando ya mstari, upana wa milimita mbili hivi, na mbali na hapo hapakuwa na kitu.